Shangazi wa Stoo na Ijumaa ya Msamaha

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Shangazi anakabidhi funguo za stoo ya dawa na vifaa tiba ya hospitali yetu. Jina lake halisi limo kwenye barua za ofisi. Sisi tunamjua kwa hilo la Shangazi, na hata mganga mkuu, anayemzidi umri, humwita hivyo hivyo akitaka glovu.

Alianza kama karani wa kupokea mizigo, akapanda hadi mkuu wa stoo bila kuacha kubeba maboksi. Sheria yake ni moja: dawa inayokaribia kuisha muda ikae mbele, itoke kwanza. Mumewe analalamika kwamba tangu waoane hajaonja maziwa mapya, maana hafunguliwi mengine mpaka ya zamani yaishe.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa msamaha. Wodi zetu, tusifichane, zilikuwa na mchezo mbaya. Kila moja iliogopa kupungukiwa, ikaagiza mara mbili na kufungia nusu kabatini. Mwaka ambao mzigo ulichelewa, mama mmoja aliyejifungua alivuja damu nyingi leba, na stoo haikuwa na hata sindano moja ya kuizuia. Shangazi hakugombana na mtu. Alikokota toroli wodi hadi wodi.

"Wanangu, mlichoficha kitoeni," alisema. "Sitauliza kimetoka wapi."

Dripu zikachomoza chini ya masinki, glovu nyuma ya mashuka. Sindano zenyewe zilipatikana kwenye friji ya wauguzi wa wodi ya upasuaji, zimezibwa na vyombo vya chakula. Zikakimbizwa leba, damu ikakoma, mama akapona. Tulifurahi na kuona haya kwa pamoja.

Tangu hapo toroli hupita kila Ijumaa, na haulizwi mtu. Mwanzoni lilirudi limejaa hadi magurudumu yanalia. Siku hizi hurudi karibu tupu.

Yule mama ameomba kuhudhuria sherehe yetu ya kumuaga Shangazi, na binti aliyemzaa siku ile ndiye atakayekabidhi zawadi. Shangazi anaapa hatalia. Hatumwamini.

Shangazi, asante sana. Kusema kweli, tungependa kukufungia kabatini, na kila wodi imeshajitolea kutoa nafasi. Ila wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kitu chema kiende kinakohitajika, na wajukuu zako wamengoja vya kutosha. Tunakuombea siku njema nyingi, na hata moja usiiweke akiba.