Mzee Mshana na Friji Iliyovuliwa Vitambaa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi, Mzee Elibariki Mshana, mkuu wa kitengo cha friji katika karakana yetu hapa Same, anastaafu rasmi. Wateja wengine wameshaanza kupumua.

Maana Mzee huyu ni mkali, jamani! Ukimwambia friji yako haipoozi, hashiki bisibisi kwanza. Anakuhoji. Umeibana ukutani? Raba ya mlango inashika? Chakula cha moto mnaingiza? Usiku mnazima? Friji nyingi zimerudi makwao bila kubadilishiwa hata kifaa kimoja, na zinagandisha mpaka leo. Mchungaji mmoja alitoka hapa kainamisha kichwa kama aliyetengwa na kanisa.

Sasa twende nyumbani kwake. Friji ya Mzee ilikaa sebuleni, imevalishwa vitambaa vya kufuma kuanzia kichwani mpaka sakafuni, mgongo umegandana na ukuta, ili wageni waone ni nyumba ya heshima. Jioni sufuria ya makande ilitoka jikoni ikifuka moshi na kuingia humo moja kwa moja, kwa amri ya Mzee. Kabla ya kulala, yeye mwenyewe alichomoa waya ukutani kuokoa umeme.

Mkewe, Mama Anaeli, anauza maziwa. Kwa joto hili la Same, maziwa yakaanza kuchacha na wateja wakamkimbia mmoja mmoja. Biashara aliyoijenga kwa mikono yake ilikuwa inakufa huku anaiona. Kila akimlilia mumewe, jibu ni hilo hilo: gesi imepungua, nitaiangalia Jumamosi. Jumamosi hiyo haikufika. Na kuita fundi mwingine? Thubutu! Friji ya Mshana iguswe na nani?

Mwezi wa tatu Mama akachoka. Mzee alipotoka kuja kazini, Mama aliivua friji nguo zote, akaipakia kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, na kuileta hapa. Jina akaandikisha la ukoo wa baba yake kule Ugweno, Msuya. Akina Msuya ni wengi, nami wa mapokezi niliandika bila kupepesa macho.

Mzee hakuitambua. Angeitambuaje, hajawahi kuiona bila nguo! Akakagua mgongo uliojaa vumbi, akaona alama ya sufuria kwenye rafu, akatuita wote tujifunze.

"Njooni muone! Huyu mwenye friji ni mtu wa namna gani? Makande ya moto humu! Na usiku anazima, oneni maji yalivyotuama. Mtu kama huyu apewe mtungi, friji hastahili!"

Tulicheka mpaka machozi. Mama akainuka kwenye benchi la wateja, akasogea mlangoni.

"Baba Anaeli, yote uliyosema ni kweli," akasema taratibu. "Sasa mwenye friji nikamwambieje?"

Nilimwonea Mzee huruma, kusema kweli. Alikaa juu ya boksi la vifaa, baadaye akachukua brashi, akasafisha ule mgongo mwenyewe, akapanda kirikuu pamoja na friji yake.

Msamaha hakuomba mbele yetu, hana kawaida hiyo. Lakini wiki iliyofuata alionekana mtaani na baiskeli, amebeba maziwa ya mkewe, yamepoa vizuri. Alipiga hodi kwa kila mteja aliyekimbia, akasema maneno yale yale: "Mama Anaeli hakuwa na kosa. Aliyeharibu maziwa ni mimi."

Wamerudi wote, ila bibi mmoja ambaye mpaka leo hanunui kabla Mzee hajaonja mbele yake. Naye anaonja, kila asubuhi, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Asante, Mzee wetu, kwa kazi na kwa makaripio. Mungu awape wewe na Mama afya tele na miaka mingi ya furaha.

Irine Mmbaga, Mapokezi