Mashahidi wa Mvutano wa Ardhi

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la kinyozi, na jana jioni lilikuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu nilifahamu. Tulikuwa tumemkimbia Profesa. Huyu bwana alikuwa mtunza maabara wa shule. Tangu astaafu amejifungia chumba cha uani na nyaya zake za shaba. Juzi alitupitia hapa kijiweni, akasema kwa adabu zake zote, “Ndugu zangu, kesho jioni naomba mashahidi wawili wa mvutano wa ardhi.” Ilipofika hiyo jana, sote tukaingia mitini. Leo tumerudi, kahawa mkononi, kila mtu na lake.

— Mimi kiwanja cha mtu sikitolei ushahidi, alisema Wakili, ambaye uwakili wake ni kuwahi kuitwa mahakamani mara moja.

— Kwani anavutana na nani? Dobi akauliza.

— Jirani wa nyuma, akajibu Kinyozi. Kamsogezea mpaka.

— Mpaka tu? Mbona taa za pale zinafifia na kuwaka kila jioni? Wanachimba kwa mashine wale. Chini kuna dhahabu.

— Dhahabu gani, Dobi! akasema Kinyozi. Nimeona kuku wa Profesa juu ya paa, na yule kuku hajui kuruka. Kiwanja kile kinapanda.

Wakili akakunja uso.

— Kikipanda, mpaka unapimwa kuanzia wapi?

Sote tukainua macho hewani kuutafuta mpaka.

— Ndiyo maana anatafuta mashahidi, nikasema, nikajiona nimemaliza kesi.

Mara binti wa Profesa akatokea uani kwao na boksi la nyaya. Tukampa pole ya kesi.

— Kesi gani, wazee wangu?

— Si huo mvutano wa ardhi?

Akatutazama mmoja mmoja.

— Ni ile nguvu inayofanya kitu kianguke chini. Baba anatafuta namna ya kuipunguza. Chuo kikuu alichokiandikia kilitaka mashahidi wawili wasio ndugu zake, na mwisho ulikuwa jana.

Kinyozi akakohoa.

— Kwa hiyo… ilikuwaje?

— Sufuria ilinyanyuka mezani, ikatulia hewani. Nimeona mimi, lakini mimi ni mwanawe. Leo kaniambia nitupe kila kitu.

Akahamishia boksi mkono wa pili.

— Naomba kuuliza tu, wazee wangu. Jana jioni mlikuwa wapi?

Wakili akainua kikombe, kitupu, akanywa.