Shavu Kwanza, Bunduki Baadaye: Kumuaga Fundi wetu wa Vitako

Tarehe 30 Juni mwaka huu fundi wa vitako wa klabu yetu ya kulenga shabaha atafunga mlango wa karakana na kukabidhi ufunguo, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Wengi wetu hatujawahi kumwita kwa jina lake. Tunamwita Fundi Shavu, naye huitika.

Nimeombwa niandike mimi kwa kuwa ndimi mgeni kuliko wote ofisini na, walisema, insha za shule bado hazijanitoka kichwani. Ya zamani nimewauliza walionitangulia. Ya mwaka huu nimeyaona mwenyewe.

Kwa wasiojua, kitako ni ile sehemu ya bunduki inayokaa begani na kuegemewa na shavu, na ndiyo inayobeba mtutu. Watu huvutiwa na mtutu. Fundi husema mtutu unapiga pale ulipoelekezwa tu, na anayeuelekeza ni kitako. Kwa hiyo mwanachama mpya akija na bunduki yake ya mashindano inayong'aa, Fundi haitazami. Humtazama mtu shavu, kisha shingo, kisha bega, mpaka mtu anaanza kujipangusa akidhani ana dawa ya meno usoni. Mkewe anasema hata alipokwenda kwao mara ya kwanza alimtazama shavu, na mama mkwe akadhani binti ana jino bovu.

Alikuja klabuni kama seremala wa kawaida, kurekebisha milango ya ghala. Siku hiyo mlenga shabaha mmoja alikuwa amepasua kitako chake, akamwomba akiunge kwa gundi. Fundi hakugusa gundi. Alimwuliza kwa nini kimepasuka, akamketisha, akamwambia ainue bunduki, akaona kitako ni kirefu mno na yule bwana anapigana nacho kila anapolenga. Akamchongea kingine. Katibu wa wakati ule akamwambia milango itasubiri. Mpaka leo mlango mmoja wa ghala haufungi vizuri.

Namna yake ya kumchagulia mtu kitako haijabadilika tangu hapo. Unakaa, unafumba macho, unainua bunduki na kuiegemeza jinsi mwili unavyopenda wenyewe. Kisha unafumbua. Jicho likikuta tundu la kilengeo pale pale, kitako ni chako. Likikuta juu au chini, kitako hicho kinarudi kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao mezani, hata kiwe na mbao nzuri namna gani. Anasema watu wengi huchagua kitako kama viatu vya harusi: wanaangalia kinavyopendeza, halafu wanateseka mbele za watu. Onyo lake kwa wote ni moja, usiifuate bunduki. Ukiifuata kwa shingo asubuhi, mchana shingo itakudai.

Karakana hiyo ina vituko vyake. Siku moja Fundi alipiga simu akiwa njiani, akasema mgeni akifika akae kitako, yeye anakuja. Mtunza ghala wetu, ambaye kutwa nzima husikia habari za vitako tu, akasikia atoe kitako. Fundi alifika akamkuta bwana mmoja mwenye tai amesimama mbele ya bunduki yake iliyofunguliwa vipande viwili, akiuliza kwa upole kama huo ndio utaratibu.

Miaka michache iliyopita klabu ilileta vitako vya alumini, vyenye skrubu za kurefusha, kufupisha, kupandisha pale pa kuegemea shavu na kupashusha. Fundi aliviita makabati. Hakuvidharau, alijifunza kila skrubu, lakini kila mtu alijua moyo wake uko kwenye mbao. Mbao haiwi baridi shavuni, alisema, na mtikisiko inaumeza. Na kati ya vitako vyote vya mbao alivyochonga, kilichosifiwa kuliko vingine ni cha nahodha wetu, dada tunayemwita Kapteni. Kwa kitako hicho Kapteni alishinda misimu mitatu mfululizo.

Mwaka jana Kapteni aliteleza kwenye ngazi akavunjika mtulinga, ule mfupa unaotoka kifuani kwenda begani. Aliporudi uwanjani, risasi zake hazikuwa zake. Majaribio ya kuchagua timu ya mashindano ya kanda yalikuwa yanakaribia, nafasi zilikuwa nne, na kila mazoezi yeye alitoka wa tano au wa sita. Tuliokuwa chumba cha chai tulijua tatizo.

"Mwambieni ajaribu cha alumini," alisema mwalimu wa hesabu, mwanachama wetu wa siku nyingi.

"Mwambie wewe," akajibu mtunza ghala. "Mzee anaondoka Juni, wewe ukamwambie kazi yake bora haifai tena? Uso huo utautoa wapi?"

"Kazi haina ubaya. Ni bega."

"Haya, kaliambie bega."

Kapteni mwenyewe alikuwa ameshakata shauri. Alisema hawezi kumfanyia Baba, ndivyo anavyomwita Fundi, hivyo mwaka wake wa mwisho, ni afadhali akose timu. Basi sote tukanyamaza kwa heshima, na heshima hiyo ikawa inamtoa mtu kwenye timu polepole.

Wiki moja kabla ya majaribio Fundi alimwita karakana. Alimketisha kwenye kigoda, akamwambia afumbe macho. Kapteni aliinua bunduki, akaegemeza, akafumbua, na upesi sana akashusha shingo kidogo kulitafuta tundu. Alidhani hakuonekana.

"Umeifuata," alisema Fundi.

"Kidogo tu, Baba."

"Kidogo hicho ndicho kinachokula pointi zako."

Akachukua bisibisi, akakifungua kitako cha mbao kwa mkono wake, akakifuta vumbi taratibu ingawa hakikuwa na vumbi. Kisha akasema, "Hiki nilimchongea binti mwenye bega jingine. Hili la sasa linapona, kila wiki linakaa tofauti. Leo nikipunguza mbao, mwezi ujao bega likirudi juu siwezi kuirudishia. Leta lile kabati."

"Baba, watu watasema."

"Watasema nimezeeka. Kwani wamekosea?"

Mtunza ghala, aliyesimama nami mlangoni, alicheka peke yake. Kapteni alianza kulia. Fundi akarudisha bisibisi mezani, akavuta kiti, akakaa. "Maliza kwanza," alisema. "Shavu lililolowa silipimi."

Kuanzia siku hiyo mpaka majaribio alikuwa akizilegeza na kuzikaza zile skrubu kila asubuhi, kufuatana na bega lilivyoamka. Kapteni alimaliza wa tatu. Yumo kwenye timu.

Kamati ilitaka kitako cha mbao kiwekwe ukutani ukumbini, na kibao cha shaba chenye jina la Fundi. Alikataa. Alisema ukuta hauna bega. Kwa ridhaa ya Kapteni akakifunga kwenye jiliwa, akachukua tupa na msasa, akakifupisha na kukishusha pale pa shavu kwa ajili ya mwalimu wa hesabu, ambaye ni mfupi, ana mashavu ya kutosha, na kwa miaka yote amekuwa akipiga na kitako cha kuazima. Nilimwona mwalimu akifumbua macho. Hakusogeza shingo. Alikaa hivyo hivyo kwa muda, kama mtu anayeogopa kwamba akijitikisa wataona wamekosea wakamnyang'anya.

Nimefikiri sana jinsi ya kuandika sifa za Fundi Shavu. Tungeweza kuhesabu vikombe vilivyo kabatini, maana karibu vyote vimepita mikononi mwake. Lakini nadhani kubwa ni kwamba aliwapenda watu kuliko alivyovipenda vitu alivyowatengenezea, na vitu vyenyewe alivipenda mno.

Fundi wetu, wafanyakazi wenzako na wanachama wote tunakushukuru kwa mikono yako na kwa macho yako. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na mtu mwenye bunduki, na siku ndefu na tulivu pamoja na Mama. Mashindano ya kanda ni Jumamosi ya kwanza ya Julai. Utakuwa umeshastaafu, kwa hiyo hatuna tena haki ya kukutuma kazi. Tunakuomba tu uje kama mgeni, na kiti chako tumekiweka mstari wa mbele, karibu na Kapteni. Anasema bega limebadilika tena.