Niacheni Nilale Chali

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mniwie radhi nashuhudia nikiwa nimelala hapa mkekani mbele yenu. Si dharau. Nikiketi, pumzi inakatika.

Mimi ni Mama Kadzo wa Muyeye. Ini langu liliharibiwa na homa ya ini. Tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano, na majirani wakasema ni pombe ya mnazi. Mnazi! Mimi ambaye hata harufu yake inanikirihi! Niliumia, jamani. Lakini hayo yalikuwa madogo.

Baadaye pumzi ikaanza kukatika. Kucha zikawa za buluu. Nikijinyoosha chali napata nafuu, ila nani angeniruhusu? Kwetu nyumbani anayenyooshwa chali ni maiti anayesubiri sanda. Mama mkwe wangu alipiga kelele, "Mwinueni! Huyu anatuaga!" Wakanikalisha, wakaniegemeza kwa mito, wakanifunga leso kifuani nisiteleze. Walikuwa wananipenda, lakini nilikuwa nakufa mikononi mwao. Nikitaka kuwaambia, sauti haitoki.

Jumapili moja mkaja kuniombea. Mkanisimamisha, mkanishika huku na huku, mkakemea mauti. Ndugu zangu, nilianguka! Puu, sakafuni, chali! Mkapiga mayowe. Mama mkwe akaanza kunililia kilio cha msiba. Nami pale chini, hewa ikaingia! Nikasema, "Mama, usiniinue. Napumua." Akashika mdomo.

Hospitalini daktari alinipima hewa kwa kile kidude cha kubana kidoleni, kwanza nimeketi, kisha nimelala. Nilipolala, hewa ya damuni ikapanda. Akatueleza kwamba ini likichakaa sana, mishipa midogo ya mapafu hutanuka, damu ikapita bila kushika hewa ya kutosha, na mgonjwa akiketi hali huzidi kuwa mbaya. Dawa yake ni ini jipya. Nitalitoa wapi?

Kwa hiyo sijapona. Mtungi wa oksijeni ndio huu kando yangu. Lakini Mungu aliniokoa na ile mito! Sasa mama mkwe ndiye anayenitandikia. Juzi mgeni alitaka kuniinua, mama akamfokea, "Mwache mwanangu apumue!" Kisha naye, aliyekuwa akiogopa kuniona chali, akajilaza chali ubavuni mwangu, akanishika mkono. Tukalia wote wawili.

Asante Yesu! Wewe uliyebanwa kifua leo, mtegemee huyu Mungu. Pumzi ya kesho hakuniahidi. Hii ninayoivuta sasa hivi amenipa yeye.