Sikio la Mzee Musili: Miaka Thelathini na Miwili Karakanani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006, Mzee Bartholomew Musili anaweka spana chini baada ya kuitumikia karakana ya Ushirika wa Wakulima wa Kyamuti kwa miaka thelathini na miwili. Aliingia mwaka 1974 akiwa mwosha vipuri. Anatoka akiwa fundi mkuu wa magari ya dizeli, tena na ovaroli ileile, ukiwaamini wanaomtania.

Mapema miaka ya tisini yalitufikia magari yenye turbo, kile kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini ili gari lipande mlima na mzigo wake. Sisi wengine tulikiogopa. Mzee Musili alikipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe mwenye mateke lakini mwenye maziwa.

Upimaji wake ulijulikana hadi Matuu. Gari likikosa nguvu, hakufungua boneti kwanza. Alimwambia dereva apakie mzigo, kisha wakashika barabara ya Kathiani, yeye kwenye kiti cha abiria, kioo kimeshushwa, macho ameyafumba. Kuongea kulikuwa marufuku hadi kileleni. Dereva wetu Mutiso, ambaye kwake kunyamaza ni kifungo, husema hakuna safari ndefu kuliko hiyo. Huko juu Mzee alifumbua macho na kutoa hukumu. Turbo ikilia kwa sauti nyembamba isiyo yake, mhimili wake umeanza kulegea. Moshi wa buluu, oili inapenya. Moshi mweusi na hewa inayofoka, paipu imepasuka. Kila fundi aliyepita mikononi mwake alifundishwa sheria moja: "Usinyonge turbo kabla hujauliza paipu."

Mwaka 1997 aliletewa gari ambalo gereji moja ya mjini ilikuwa imeshalihukumu kubadilishwa turbo. Mzee akavuta kutoka kwenye paipu ya hewa kitambaa cha kufutia mikono, kilichosahauliwa humo na mafundi walewale. Mkewe, Ndila, alikifua, akakipiga pasi, na kikarudishwa kwa wenyewe kimekunjwa vizuri. Tulicheka mwezi mzima.

Wasifu huu ungeweza kuishia hapo, tukapiga makofi, tukaenda kula. Lakini mimi Zubair, niliyefanya kazi naye benchi moja kwa miaka kumi na minane, nina jambo ambalo limenikaa kooni.

Machi 2004, pikapu ya Mutiso ilirudi kutoka Matuu na shehena ya maembe, inatoa moshi mweusi na mlima umeishinda. Tulipanda nayo watatu, mimi katikati. Kuanzia kona ya kwanza hewa ilifoka wazi chini ya boneti. Kileleni Mzee alifumbua macho akasema hakuna hewa inayovuja, turbo imekufa. Mutiso alinitazama. Mimi nikatazama barabara. Katika karakana yetu, Mzee Musili akisema hakuna sauti, basi sikio lako wewe ndilo gonjwa.

Turbo ikafunguliwa. Mpya ikaletwa kutoka Nairobi, ikafungwa, na pikapu ikashindwa na mlima uleule kwa moshi uleule. Ndipo Mzee mwenyewe alipoziba paipu, akaijaza hewa na kuimwagia maji ya sabuni. Povu likachemka chini ya klipu inayobana paipu. Aliinama akalisogezea sikio lile povu, karibu kabisa, akakaa hivyo kwa muda. Sote tulisimama, hakuna aliyejua pa kuweka mikono.

Aliponyanyuka aliniuliza, mbele ya watu, kama siku ile mlimani nilisikia kitu. Nikamjibu sikusikia. Nilidhani namwondolea aibu. Alitabasamu, akasema basi ule ulikuwa ugonjwa wa kimyakimya, akarudi kazini. Akakaa miaka miwili zaidi katikati ya injini na mashine za kusaga chuma.

Mwaka huu daktari wa masikio amemwambia kwamba angeiacha kelele miaka miwili iliyopita, kilichokuwa kimebaki kingeokolewa. Sasa sikio la kulia halipati kitu, na la kushoto hupata mngurumo tu. Kanisani Kathiani, alikoimba besi tangu ujana wake, hukaa benchi la mwisho akitazama midomo ya wenzake. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mwenzangu, na aliyeumbuka si mimi. Inaniuma, na sina namna ya kumrudishia masikio yake.

Mzee wangu, siku ya sherehe zitatolewa hotuba saba na hutasikia hata moja. Ndiyo maana nimeomba karatasi hii ikufikie mapema, uisome nyumbani taratibu, Mama Ndila akiwa kando yako. Karakana nzima inakushukuru kwa magari uliyoyafufua na kwa mafundi uliowalea kwa ukali na mzaha. Tunakuombea siku njema shambani, mvua ya kutosha, na wajukuu wenye subira ya kukuandikia wanachotaka kusema.

Na lile swali uliloniuliza, naomba nilijibu upya. Nilisikia, Mzee. Tangu kona ya kwanza.