Juu ya Tuta Watu Hushuka

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Wakubwa zangu, shikamooni, ingawa nikitazama humu ndani naona wa kuamkiwa na mimi wamebaki wachache. Mmeniwekea kiti, ahsanteni, lakini nitasema nikiwa nimesimama. Magoti yangu yakishakaa hayapendi kuinuka, na maneno yangu ni hivyo hivyo.

Sote tuliokuja hapa Mitwero leo tumeletwa na kitu kimoja, pombe, na kila mmoja wetu anaijua harufu yake. Mimi nitaeleza ya kwangu. Sitamtaja mtu kwa jina, hata mke wangu. Mwenyewe mnamjua wengi, na kama angekuwepo angeninyamazisha.

Zilikuwa siku za vijiji vya ujamaa. Nilikuwa kijana niliyefika sekondari, na kwetu mtu wa namna hiyo hakuachwa akae bure. Kijiji kikanipa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima, na kikanipa baiskeli, nyeusi, yenye karia pana nyuma. Wanafunzi wangu walikuwa kwenye vitongoji viwili. Kimoja kilikuwa juu, kwenye mikorosho, kingine chini, karibu na bahari, ambako ndiko nilikooa na ndiko nilikoishi. Kazi yangu ilikuwa kwenda na kurudi.

Njia ile, ndugu zangu, nikifumba macho naiona. Inaanzia kwenye changarawe nyekundu katikati ya mikorosho, matawi yamekutana juu kama dari. Tairi linakwaruza, unapita kivuli, unapita jua, unapita kivuli tena. Halafu mteremko, na upepo unakuingia ndani ya shati. Chini unaukuta mfereji wa maji ya bahari, mnakwenda nao bega kwa bega hadi kwenye majaruba ya chumvi. Halafu tuta. Halafu mikoko, na kaa wekundu wanakimbilia mashimo yao ukikaribia. Gari halikuwahi kupita pale, wala lisingeweza. Kengele ilikuwa yangu peke yangu, na niliipiga hata pasipo na mtu, kwa raha tu. Nawaambia ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile niliyokuwa nayo juu ya kile kiti cha baiskeli. Ndiyo maana inaniuma.

Sasa tuta, nilieleze, maana habari yote iko hapo. Majaruba yale yalikuwa ya kijiji kizima. Bamvua likija na bahari ikijaa sana, maji yanaingizwa kwa mfereji, mlango unafungwa, jua linayakausha hadi ibaki chumvi. Kilichotenga chumvi yetu na bahari ni tuta la tope tu, upana wake mtu na mzigo wake. Desturi ilikuwa moja, kwa mkubwa na mdogo: ukifika juu ya tuta, unashuka. Unaikokota baiskeli taratibu ukiwa umeiinua kidogo. Mguu wa mtu hulishindilia tope, lakini gurudumu hulikata.

Msimamizi wa chumvi alikuwa baba mkwe wangu, mzee mpole, mwenye maneno machache. Siku moja alinikuta nimepanda baiskeli juu ya tuta. Hakufoka.

"Mkwe wangu," akasema, "baiskeli hiyo inakuchosha kuikokota?"

"Hapana, baba. Hainichoshi."

"Basi ikokote."

Nikashuka. Waliokuwa wakichota maji majarubani wakacheka, na mimi nikacheka. Kwa muda mrefu nilikuwa nashuka kama wengine.

Kisha ukafika msimu wa mabibo. Ninyi mnajua. Korosho zinaokotwa, mabibo yanakamuliwa, maji yake yakilala ni pombe, uraka. Kule juu nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, mcheshi, akiandika herufi zake huku ametoa ulimi. Alikuwa akitengeneza uraka. Siku moja tulipomaliza somo akaniambia, "Mwalimu, koo limekukauka kwa kutupigia kelele. Onja hiki." Nikaonja kwa adabu. Simlaumu, alinikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni yeyote. Kesho yake nilionja kwa hamu. Baada ya hapo somo likawa fupi na maonjo yakawa marefu.

Hapo ndipo nilipoacha kushuka. Mlevi hapendi kushuka, ndugu zangu. Akiwa juu ya baiskeli anaonekana mzima, akishuka miguu inamsema. Nikawa napanda juu ya tuta kila nirudipo, na gurudumu langu likachora mfuo katikati yake. Kaka wa mke wangu, shemeji yangu, alikuwa mtani wangu sana. Akanisimamisha kwenye mikoko.

"Shemeji, nimeona njia ya baiskeli yako huko juu. Inakwenda kama nyoka. Mnakunywa wote wawili, au mnapokezana?"

"Ni changarawe, zinateleza," nikasema.

"Juu ya tuta hakuna changarawe, mwalimu."

Nikaigeuza kuwa mzaha, nikapiga kengele, nikaenda zangu.

Siku ya siku, alasiri, nilianguka. Baiskeli ikalala upande wa bahari na pedeli ikachimba ukingo wa tuta, pale pale mfuo wangu ulipokuwa umekwisha kulidhoofisha. Niliinuka nikaona tope limepasuka na maji yanatoka taratibu kama jasho. Kila mtoto wa kwetu alijua la kufanya hapo. Unaziba kwa mikono, unapiga ukelele, watu wanakuja. Na watu walikuwapo, nilikuwa nawaona ng'ambo ya majaruba, mke wangu mmoja wao, wanaandaa vikwangulio, maana chumvi ilikuwa imeshakuwa nyeupe na kesho yake ilikuwa ya kukwanguliwa. Bamvua nalo lilikuwa limefika.

Nilifungua mdomo kuita, nikaisikia harufu yangu mwenyewe. Nikawaza, wakija watainusa. Mke wangu atainusa mbele za watu, na baba yake. Nikalishindilia lile tope kwa kiatu, nikapanda baiskeli, nikaenda kulala.

Asubuhi bahari ilikuwa imo ndani. Kazi ya kiangazi kizima ilikuwa imeyeyuka, majaruba yote rangi moja na maji ya mfereji. Hakuna aliyeuliza nani. Baiskeli ilikuwa moja kijijini, na njia yake ilifika kwenye lile bomoko ikakoma, ikaanza tena mbele kwa kuyumba.

Debe likapigwa, watu wakapanga mstari. Tope la kuzibia huchimbwa kwenye mikoko, linafinyangwa madonge, linapokezwa mkono kwa mkono hadi kwenye bomoko. Kwenye mstari ule hafukuzwi mtu. Hata mpita njia wa kutoka mbali, Sudi huko, asiyejulikana, akiingia anapewa donge. Nikaja na kichwa kinachogonga, nikasimama kati ya mke wangu na kaka yake. Donge likafika kwa mke wangu. Akalitazama. Akarudi nyuma hatua moja, akalipitisha nyuma ya mgongo wangu, kaka yake akalipokea. La pili hivyo hivyo. Hakuna aliyenitukana. Baba mkwe alikuwa kwenye maji hadi kiunoni, anaziba, hakuinua kichwa. Nilisimama pale mikono yangu mitupu, tope likinipita nyuma, hadi bahari ilipozuiwa. Mkono wangu haukuwa na doa.

Nimepigwa maishani, ndugu zangu. Sijapigwa kama siku ile.

Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi niliyesoma nikabishana. Nikasema maji ndiyo yaliyobomoa tuta, bamvua lilikuwa kubwa, tuta lilikuwa la zamani. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, akakunja kanga zake, akarudi kwa wazazi wake. Kijiji kikachukua baiskeli, na darasa akapewa mwingine. Uraka ulipokwisha na msimu wake nikahamia kwenye gongo, ambayo haina msimu.

Masika yakaingia, na ndani ya mvua zile baba mkwe akafariki. Nilisikia nikiwa kilabuni. Nilikwenda maziko, lakini jinsi nilivyokuwa nimekunywa sikuweza kupita lango la makaburi. Nilisimama nje, kwenye majani. Nikawaona watu wanamtupia udongo kwa viganja, kila mmoja na fungu lake, na mimi kwa mara ya pili nikawa mikono mitupu. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyeniruka. Nilijiruka mwenyewe. Neno langu la kumwomba radhi mzee yule lilikuwa limebaki kinywani, nami nilikuwa nimelichelewesha kwa sababu ya kubishana juu ya ukubwa wa bamvua.

Kutoka pale nilipanda juu kwenye mikorosho, kwa yule mama mwanafunzi wangu, nikaomba gongo. Alikuwa nayo, debe zima, niliiona. Akaifunika kwa ungo akakaa juu yake.

"Kwangu hupati tena, mwalimu."

"Mama, mimi ndiye niliyekufundisha kuandika jina lako."

"Ndiyo maana hupati. Rudi nyumbani ukalale."

Nikalia mbele yake kama mtoto. Akanipikia uji. Kwa siku nyingi nilipotetemeka alinipikia uji, na kila nilipoomba alikaa juu ya ule ungo. Acheni niwaambie, mimi sikuacha kwa ushujaa. Niliacha kwa sababu mtu mmoja alikubali kukosa mteja.

Kiangazi kikarudi, matuta yakaanza kutengenezwa. Nikaenda. Nikasimama kwenye mstari, na tope likanipita. Kesho yake nikaenda tena, likanipita. Watu wakanizoea kama mti wa mkoko. Shemeji ndiye aliyeanza kunisemesha: "Mwalimu, ukiendelea kusimama hivyo kaa watakuchimbia shimo miguuni." Nilifurahi kutaniwa, hamwezi kujua. Mikono nikawa naiweka mbele, wazi, sikuishusha.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa jirani yangu kwenye mstari. Donge likamfikia. Akakaa nalo. Nikaona amesogeza uso karibu na wangu, si kwa mapenzi, ananusa. Kisha akaliweka mikononi mwangu.

"Shika," akasema. "Linakauka."

Nikashika. Lilikuwa zito na la baridi, nami nikampa aliyefuata, na macho yangu hayakuona vizuri kwa muda. Mke wangu alirudi nyumbani baadaye, kwa masharti yake, na tuliishi pamoja hadi alipotangulia mbele ya haki. Lakini mkono mmoja kwenye mstari ule, wa baba yake, haukuwapo tena kunipa tope, nao ndio niliokuwa nautaka kuliko yote.

Namshukuru mama wa mikorosho, Mungu amrehemu. Namshukuru shemeji kwa mizaha yake. Namshukuru mke wangu kwa kuninusa kabla ya kuniamini. Na ninyi mlio na aibu ya kuita watu kwa sababu ya harufu ya vinywa vyenu, mimi nawaomba, iteni hivyo hivyo mnavyonuka. Tope likiwa bichi linaziba.

Majaruba yale yaliachwa, mikoko imeota ndani yake, na tuta limelala usawa wa nchi. Bado naendesha baiskeli njia ile, polepole, gari bado halipiti. Nikifika pale nashuka, naikokota. Kuna anayenikuta akaniuliza, "Mzee, pancha?" Namjibu hapana, hainichoshi.