Nukta Mbili Nyeupe za Mazengo

Sogeeni wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yakaribie jiko. Mwenye simu aifunike, mwenye karanga mdomoni amalize kwanza kutafuna. Nikisema habari za mdogo wangu Mazengo sitaki sauti nyingine mpaka nifike mwisho. Mimi shule sikwenda, haya yote nimeyashika kwa masikio, na mtu akinikatisha sauti za waliosema zinanipotea. Mnalijua benchi langu la kahawa, pale kona ya kwenda stesheni ya Itigi. Ni taruma la reli lile, lilichoka kubeba treni, sasa linabeba watu. Asubuhi ninayowasimulia walilikalia watatu wa kila siku. Mzee Isaka, mstaafu wa reli, tunamwita Signali kwa sababu hasemi neno bila kuinua mkono. Idrissa, fundi baiskeli, tunamwita Spoku, na mkimwona mtajua kwa nini. Na Stumai, muuza mafuta ya alizeti, ambaye jina la utani hana. Aliyejaribu kumpa alijuta. Mbele yao lilisimama gari jeupe la marehemu, boneti juu, na Emiliana binti yake ameinama ndani kama mtu anayechota maji kisimani.

Ilikuwa siku ya thelathini na tisa tangu tumzike Mazengo. Kesho yake tunaanua tanga. Gari lile alibebea asali, akabebea na wagonjwa. Watoto wengi wa mtaa huu waliwahi hospitali matumboni mwa mama zao kwa gari lile. Alipoona oili inavuja mbele ya injini, akalifungua mwenyewe uani kwake, abadilishe sili, ile mipira ya kuzuia oili, na mkanda wa taiming kwa pamoja. Mkanda wa zamani akautoa. Sili ya chini akaiweka. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaniambia, "Dada, napumzika kidogo. Sili ya juu na mkanda mpya nitamalizia kesho." Kesho hiyo tuliifikia sisi, yeye hakuifikia.

Derick, mtoto wake wa kiume, alitaka gari lichukuliwe na watu wa vyuma chakavu. Emiliana akakataa. Wazee wakakata shauri: siku ya kuanua tanga gari likinguruma ni la Emiliana, likinyamaza Derick aite lori. Na lori alikuwa ameshaliita.

Basi Emiliana alikuwa anamalizia sili ya juu. Aliipaka oili mdomoni, akaigonga kwa kipande cha bomba, taratibu, huku na huku, isije ikaingia upande.

Stumai: Ungepaka mafuta yangu ya alizeti ingeingia yenyewe.

Emiliana: Hii si chapati, ma'mdogo.

Stumai: Chapati haivuji.

Signali: Hiyo ya zamani haikuchakaa bure. Ni treni. Nimekaa reli miaka thelathini na moja, nasema ninachokijua. Treni ya mizigo ikipita hapa hata meno yanalegea, sembuse kipande cha mpira.

Spoku: Kwani mzee umebakiza mangapi?

Signali: Ndiyo ushahidi wenyewe.

Tulicheka kidogo. Halafu jicho likaangukia turubai, bado limesimama uani kwa marehemu, kila mtu akarudi kwenye kikombe chake.

Emiliana akautoa mkanda mpya kwenye kiti cha dereva, pale pale baba yake alipouacha. Akainama tena. Akatulia. 

Emiliana: Shangazi, hebu njoo uone.

Nikaenda. Mle mna puli mbili, magurudumu ya meno, moja juu na moja chini, na mkanda ndio unaozifunga pamoja zizunguke kwa hesabu moja. Mazengo alizitia nukta nyeupe za rangi, kila puli na yake, na kila nukta ina alama yake kwenye mwili wa injini ya kutazamana nayo. Ya juu ilitazamana na alama yake vizuri. Ya chini ilikuwa imekimbia, robo nzima ya mzunguko.

Emiliana: Baba hatoi mkanda kabla nukta zote hazijatazamana na alama zake. Sijawahi kumwona akiacha hivi.

Spoku: We uvishe tu. Mimi mnyororo wa baiskeli nauvisha jino lolote, mtu anapanda anafika Mitundu.

Emiliana: Baiskeli haina pistoni, kaka Idrissa.

Hapo nikamsikia Mazengo kabisa, kama yuko pembeni yangu. Aliwahi kunionyesha kwa mikono, ngumi moja inapanda, kiganja kingine kinashuka. "Dada, humu ndani kuna pistoni na kuna valvu. Wanapita mlango mmoja kwa zamu. Mkanda ukivishwa vibaya, ukaliwasha gari, wanakutana mlangoni. Valvu zinapinda, na injini unaipa pole."

Emiliana: Sasa niirudishe ya chini kwenye alama, au niiache kama baba alivyoiacha?

Signali akainua mkono, juu kabisa.

Signali: Usiiguse. Ile ni kazi ya mwisho ya mkono wa mwenzangu. Kwetu jembe la marehemu haling'olewi alipolichomeka mpaka tanga lianuliwe. Iko alipoiweka yeye. Nani wa kumsahihisha?

Stumai: Mimi nawaambia iligeuka yenyewe, saa ile ile aliyokata roho. Alipofariki shemeji yangu, saa ya ukutani ilisimama hivyo hivyo.

Spoku: Ilikuwa na betri?

Stumai: Betri ilikuwepo. Mwenye saa ndiye hakuwepo.

Spoku hakucheka. Alikunywa, akaitazama injini muda, akapata la kwake.

Spoku: Sikilizeni. Mzee alikuwa fundi hasa. Huenda ameigeuza makusudi. Gari linakula mafuta kidogo, linavuta zaidi. Siri ya fundi hiyo. Ameiacha pale aikute mwanawe.

Stumai: Subhanallah.

Signali: Ni wosia. Wengine wanaandika karatasi, Mazengo ameandika kwa puli.

Emiliana akanitazama mimi. Mimi ndiye dada wa marehemu, mimi ndiye niliyebaki wa kumwambia hapana au ndiyo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka sana mdogo wangu awe amesema jambo kabla hajaondoka. Nikamwambia, "Mwache baba yako alivyokaa, mwanangu." Akajifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilijaa oili, akaanza kuuvisha mkanda vile vile.

Ndipo akaja Scola. Ni mama kijana wa vijijini huko, kichanga mgongoni, kilo mbili za mchele mkononi. Mazengo ndiye aliyemwahisha hospitali kujifungua, wiki moja kabla ya kifo.

Scola: Shikamooni.

Sisi: Marahaba.

Scola: Poleni na msiba. Habari imenifikia nikiwa kwetu, na mtoto mchanga, sikuweza kuja.

Signali: Tumeshapoa, mwanangu. Kaa.

Nikammiminia kahawa. Akaipuliza, akawa analitazama gari.

Scola: Si ndilo lake hili? Siku nilipotoka wodini nilipita kumwonyesha mtoto, nikamkuta analitengeneza kule uani. Hapa limefikaje?

 Nikaepua birika ya kahawa.

Wajukuu zangu, tulilisukuma sisi. Turubai lilihitaji nafasi, wanawake walihitaji mahali pa kukaa, masufuria yanafika, na gari limejaa uani. Emiliana hakuwepo, alikuwa hospitali na mwili wa baba yake. Tukajikusanya tukalisukuma mpaka hapa benchini, na katika kilio kile hakuna aliyelikumbuka tena.

Emiliana alinyooka. Mkanda bado mkononi.

Emiliana: Hendibreki ya gari hili ilikufa nikiwa darasa la sita. Baba aliliacha kwenye gia siku zote. Nani aliitoa gia?

Spoku: Mimi nilikuwa nyuma, nasukuma tu.

Stumai: Mimi nilibeba sufuria.

Mkono wa Signali haukuinuka. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema mikono ikiwa mapajani.

Signali: Lilikataa. Nikawaambia sukumeni, mwenzetu yuko njiani anakuja, asikute njia imezibwa. Nikawahesabia kama tulivyokuwa tunasukuma behewa. Likaenda, lakini kwa kushtukashtuka. Nilidhani ni matairi.

Emiliana: Matairi yaliizungusha puli ya chini, baba Isaka. Ya juu ilibaki pale pale, mkanda hakuna. Kama pistoni imezigonga valvu siku ile, basi tumeshalivunja.

Signali: Nilikuwa namtengenezea nafasi.

Alisema hivyo mara mbili, akajifunika uso kwa kofia yake. Stumai, yule yule mwenye mdomo, akamshika bega.

Emiliana hakumgombeza. Akaingia ndani, akaitoa gia. Akatia spana ndefu kwenye puli ya chini, akaanza kuirudisha, unywele kwa unywele. Mahali pamoja ikagusa. Akaacha, akavuta pumzi, akaisikiliza kwa mkono, akaendelea kidogo kidogo mpaka nukta nyeupe ikatazamana na alama yake. Akavisha mkanda, akaikaza puli nyingine ndogo, ya kuubana. Kisha akazungusha kwa mkono mzunguko mzima, mara mbili, kama baba yake alivyokuwa akifanya kila mara kabla ya kugusa funguo. Kama kitu kimepinda, kingegonga hapo. Mzunguko wa kwanza tulikuwa tumesimama wote. Wa pili Scola alikuwa amekishika kichwa cha mtoto wake. Nukta zote mbili zikarudi mahali pake.

Emiliana: Zimekaa. Kuwaka ni kesho.

Maana betri ilikuwa imelala siku arobaini, haina hata taa. Gari lenyewe lilitaka kusukumwa.

Kesho yake, tanga limeanuliwa, wazee wameketi, Derick amesimama na simu sikioni anamwelekeza dereva wa lori njia, tukajipanga nyuma ya gari, Emiliana kwenye usukani. Signali alikaa mbali, peke yake.

Emiliana: Baba Isaka, njoo utuhesabie.

Signali: Mimi tena?

Emiliana: Wewe.

Akaja. Akachungulia dirishani.

Signali: Gia?

Emiliana: Nimetoa. Likishika mwendo nitaingiza.

Signali: Gia, nasema.

Emiliana: Nimetoa, baba.

Akauliza mara ya tatu, hakuna aliyemcheka. Ndipo akainua mkono. Tukasukuma. Lilikwenda laini, halikushtuka. Emiliana akaingiza gia, gari likainama mbele, likakohoa, likanyamaza hatua tano ambazo sitazisahau. Halafu likanguruma. Derick akaishusha simu taratibu. Akaenda mbele ya injini, akachuchumaa kutazama kama oili inavuja. Palikuwa pakavu. Akabaki amechuchumaa pale muda mrefu, analia, na dada yake akamwacha.

Hivi ndivyo vitu vyake vilivyogawanywa. Derick alichukua shamba na mizinga ya nyuki. Emiliana gari na spana zote. Spoku alipewa kile kipande cha bomba cha kugongea sili, anakitumia kwenye baiskeli mpaka leo. Stumai alipewa madumu ya asali, sasa yana alizeti. Scola akapewa shuka ya marehemu, ambebee yule mtoto. Mimi nilichukua mkanda wa zamani, ndio huo umefunga mguu wa hili jiko mnaloota moto.

Signali hakuwa ndugu, lakini wazee walimwuliza anataka nini. Akasema anataka jiwe la kuzuilia tairi. Jiwe lenyewe halikuwepo, Mazengo hakuwahi kuwa nalo. Akaenda akalitafuta mwenyewe. Sasa Emiliana akisimamisha gari hapa benchini, hata kama mgonjwa ameketi nyuma na haraka zake, mzee huyo anaweka kikombe chini, anasukumia jiwe lake nyuma ya tairi, kisha anaingiza kichwa dirishani kuitazama gia.